Si Mkaa Bure

Wahenga walimsifu mtembea bure,
wakasema mkaa bure haokoti kitu.
Lakini mimi sikai bure, jamani:
nakaa kwa riali mia tatu na sabini kwa mwezi,
Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi,
nachapa fomu za watu.
Kibali cha kazi. Kubadili mdhamini. Leseni ya kinyozi.
Na nimeokota. Nimeokota kitu kiunoni.

Kilianza kama mgeni mwenye adabu.
Alibisha hodi Alhamisi, nilipoinama kufuata kalamu.
Nikamwambia subiri, nina watu kumi na mmoja kwenye foleni.
Akasubiri. Akatandika.

Hesabu mwenyewe:
Mabela hadi Ruwi, dakika hamsini za usukani,
hapo nimekaa.
Saa tisa nyuma ya kaunta, nimekaa.
Kurudi, jua limenikazia macho, nimekaa.
Usiku barazani kwa ami Thuweni,
kahawa, tende, habari za watu,
nimekaa chini nimeegemea mto
napumzika machovu ya kukaa.

Biju, tabibu wa viungo kule Ghubra,
aliniwekea uti wa mgongo mezani,
wa plastiki, pingili ya nne imeungwa kwa gundi.
Kiarabu chake cha Kerala, changu kimelelewa na Kiunguja cha mama,
tukaelewana kwa vidole.
Akachukua sifongo ya kuoshea vikombe,
akaikamua, akaiachia, ikanywa maji.
"Hii," akasema, akigusa baina ya pingili na pingili,
"haina mshipa wa damu. Hunywa ukitembea.
Wewe unaikalia kutwa. Itakunywa nini?"
Kisha neno moja, akanigonga nalo begani kama muhuri:
"Gum!" Simama. Kila nusu saa, gum.

Nikacheka. Dawa gani hiyo
isiyo hata na cheti cha kupelekea duka la dawa?

Mama yangu ana miaka sabini na sita.
Hukaa juu ya mbuzi jikoni,
akakuna nazi mbili za Ijumaa,
akainuka bila kushika ukuta.
Mimi wa arobaini na moja
naswali safu ya nyuma,
kwenye kiti cheupe cha plastiki, baina ya wazee wawili
wanaonitazama kama niliyeruka foleni.
Rukuu yangu ni kuitikia kwa kichwa.
Mola wangu, hata mbele Yako nimekaa.

Jumatatu moja akaja mpiga plasta, Shofiqul,
saruji imemkaukia kwenye kope.
Namba yake arobaini na saba, sisi tuko thelathini na mbili.
Hakuuliza zamu yake lini. Aliuliza,
"Naweza kukaa?"
Alikuwa juu ya jukwaa tangu alfajiri,
magoti, alisema, yanachemka.

Viti vya wateja vimejaa.
Nikashika kaunta, nikajiinua kwa mafungu mawili,
kiuno kikalia kama mlango wa stoo,
nikamsukumia changu, kile cha kuzunguka.

Akakaa. Akafumba macho.
Mimi nikapandisha kibodi juu ya maboksi matatu ya karatasi,
nikachapa nimesimama, mguu huu, kisha huu,
na kule chini, polepole,
nikahisi kama kitu kinapewa maji.

Bosi Mundhir alichungulia mlangoni:
"Harith, umefukuzwa kwenye kiti?"
Nikasema ndiyo.
Kisha nikaita thelathini na tatu,
nikaita kwa sauti ndogo,
asije akaamka.